Pini Mdomoni

Kila Jumamosi baada ya saa tisa tuliisimamisha simu juu ya cherehani, tukaiegemeza kwenye kopo la vifungo, na mimi nikavuta kigoda nikakaa katikati. Upande mmoja alikuwa Bibi, mzaa mama yangu, fundi wa sare za shule. Upande wa pili, ndani ya simu, alikuwa mjukuu wake mdogo kuliko wote, tuliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Kidoti alizaliwa ng'ambo, na Kiswahili chake kiliishia kwenye neno "Bibi". Kiingereza cha Bibi nacho kiliishia kwenye salamu. Zamani aliyekaa katikati yao alikuwa Mama Mdogo, mama yake Kidoti, ambaye huko kwake alimweka mtoto mapajani na kutafsiri huku anamsuka. Mama Mdogo alifariki kabla ya mvua, akazikwa hukohuko. Mazishi yake tuliyaangalia kwenye simu ileile, imeegemea kopo lilelile.

Hatukulia. Bibi alisubiri mpaka watu wa kwenye kioo walipoondoka kaburini, akazima simu, akauliza kaptula za darasa la kwanza zinachukuliwa lini. Mimi nikaenda kuzipiga pasi. Majirani walikuja wakatulilia, tukawapa chai.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, somo langu Kiingereza, na nilikuwa nasubiri kupangiwa shule. Kwa hiyo kigoda cha katikati kikawa changu. Kidoti akisema, natafsiri. Bibi akijibu, natafsiri. Nilifanya kazi hiyo kama mtu anayepitisha ndoo za maji.

Jumamosi moja Kidoti alinyamaza. Baba yake alimsukuma kidogo kwenye bega. Mtoto akasema maneno machache, akashuka kwenye kiti, tukabaki tunaangalia ukuta wao na kalenda.

"Amesema nini?" Bibi akauliza.

"Anasema hataki kuongea na mimi. Anataka kuongea na Bibi."

"Kwani hapa anaongea na nani, paka?"

"Anaona anaongea na mimi, Bibi."

Siku iliyofuata baba yake alituandikia ujumbe. Alisema mtoto analalamika kwamba yule dada amekaa mahali pa mama. Hakutaka kumlazimisha. Tuendelee mpaka shule zifungwe, na kama bado hataki, tupumzike kwanza.

Nilimsomea Bibi polepole. Alikuwa anakata kola kwa chaki na mkasi, hakuinua kichwa.

"Tupumzike ndiyo nini?"

"Asipige tena. Kwa muda."

"Muda gani?"

"Hajasema."

Bibi akamaliza kola ile, akaiweka juu ya nyingine. "Mke mwenzangu," akaniambia, kama alivyoniita tangu nikiwa mtoto, "hicho chuo chako kilikufundisha kufundisha, au kilikuvisha miwani tu?"

"Sijawahi kumfundisha mtu mzima, Bibi."

"Mimi si mtu mzima, mimi ni mzee. Anza."

Hakutaka kusoma wala kuandika. Alitaka masikio tu. "Kuongea nitababaisha," alisema, "lakini akisema kitu nikijue." Nikaanza kumsomea habari fupifupi za Kiingereza huku anashona. Neno la kwanza asilolijua, mguu wake unasimama kwenye pedali.

"Hilo ni nini?"

Namweleza. Wakati namweleza, sentensi imeshapita, na inayofuata imeshapita. Naanza upya, anasimama palepale. Chuoni tulifundishwa kwamba anayejifunza kusikiliza lazima akubali neno geni lipite, ashike linalofuata, maana mara nyingi la mbele ndilo linalolieleza la nyuma. Nikamwambia hivyo. Akakubali kabisa. Sentensi iliyofuata akasimama tena.

"Hilo nalo?"

Nilikuwa karibu kukata tamaa, ila hata kukata tamaa kunahitaji nguvu, na sikuwa nayo. Niliendelea tu.

Mchana mmoja alikuja mteja, mama mmoja mnene mwenye maneno, kufupishiwa gauni. Bibi alipiga magoti kwenye mkeka akawa anapanga pindo, pini zimejaa mdomoni kama kawaida yake. Yule mama akaanza kisa cha shemeji yake, kochi lililoazimwa, na mtu fulani aliyemwita "yule wa Ijumaa". Kisa kilizunguka, kikarudi nyuma, kikaruka. Mimi niliyekaa na mdomo wazi nilipotea njiani. Mama alipoondoka, Bibi alitema pini kwenye kisahani cha bati, akanisimulia kisa chote kwa mpangilio, pamoja na kochi lilipo sasa.

"Na yule wa Ijumaa ni nani?" nikauliza.

"Mwanzoni sikumjua. Baadaye ikaonekana ni mwenye nyumba, anafuata kodi Ijumaa."

"Mbona hukumuuliza?"

"Ningeuliza na nini? Nina pini mdomoni."

Nilimtazama. Nikachukua kisahani, nikamsogezea.

"Bibi, zirudishe."

Kuanzia hapo alisikiliza Kiingereza akiwa na pini mdomoni. Neno geni likija, nyusi zinapanda, lakini mguu hausimami. Nikimaliza, anatema pini na kunieleza habari ilihusu nini. Siku za kwanza alipata watu na mahali. Baadaye akapata nani alimfanyia nani nini. Ili ajifunze mwenyewe nikiwa sokoni, nilirekodi habari nyingi kwenye simu kwa sauti yangu, nikitamka kila neno mpaka mwisho wake. Akawa anazielewa zote. Hata mimi, ambaye siku hizo chakula sikukisikia ladha, nilihisi kitu kama fahari kikipita mbali, barabara ya pili.

Jumamosi niliondoa kigoda, nikakaa ukutani. Kidoti alikuja kwenye kioo. Alisema jambo moja refu, haraka, mdomo una mkate.

 Pini zilikuwa mdomoni mwa Bibi, nyusi juu. Kisha macho yake yakahama kwenye simu, yakanitafuta ukutani.

Mtoto aliyaona macho hayo. "Yupo hapo," alisema, safari hii taratibu na kwa uwazi, sentensi ambayo Bibi aliielewa. Akashuka kwenye kiti.

"Yule anaongea Kiingereza?" Bibi aliniuliza baadaye.

"Ndiyo, Bibi."

"Basi wewe ulikuwa unanifundisha nini?"

Nilikaa na swali hilo jioni nzima nikikata nyuzi za vifungo. Jibu lake lilikuwa rahisi na la aibu kidogo. Nilimfundisha kunisikia mimi. Kiingereza changu kilikuwa kama mashati yetu ya sare, kila moja limekunjwa, limebanwa, lina nafasi yake. Watu wanaozaliwa na lugha hawaikunji. Wanaivaa na kukimbia nayo.

Fundi simu wa chumba cha jirani alicheka sana tulipomweleza. "Bibi, ulizoeshwa maji ya glasi, sasa umefunguliwa bomba!"

"Cheka," Bibi alisema, "na ile suruali yako nitaitia zipu nyuma."

Lakini ndiye aliyetusaidia. Alituwekea kwenye simu sauti za watu wa kila aina: mtangazaji wa mpira, bwana wa hali ya hewa, mwanamke anayeuza mashine za kusagia matunda, mzee mmoja mwenye sauti ya mchanga anayeeleza jinsi ya kuziba pancha ya baiskeli. Tulisikiliza kila moja mpaka mwisho bila kusimamisha, Bibi na pini zake. Akishatoa maana ya jumla, tunarudia vipande vidogo, kisha anasema pamoja na msemaji, palepale nyuma yake, hata kama haelewi yote, ili mdomo uyajue maneno yanavyoshikana. Wanafunzi waliokuja kupimwa walimkuta akimfuata bwana wa hali ya hewa. Fundi simu alichungulia dirishani. "Bibi, cherehani imekosa nini mpaka unaigombeza kwa Kizungu?"

Nilimwandikia pia baba yake Kidoti. Nilimwomba aturekodie mtoto akiwa anacheza, bila mwenyewe kujua, na asimwambie aseme polepole. Alituma.

Rekodi ya kwanza ilikuwa na sauti ya kijiko na bakuli. Bibi aliisikiliza akishona mfuko wa shati.

"Anagombana na mtu," alisema mara ya kwanza.

"Huyo mtu hataki kula," alisema mara ya pili.

Mara ya tatu mguu wake ulisimama, ingawa pini zilikuwa mdomoni. Alizitoa. "Ni mwanasesere. Anamwambia akimaliza atamsimulia hadithi, asipomaliza atamsimulia nusu." Akaunyoosha mfuko kwa kiganja. "Mama yake nilikuwa namwambia hivyohivyo."

Nilisubiri kitu kitokee, kwake au kwangu. Hakikutokea. Alirudisha mguu kwenye pedali, mimi nikajaza uzi kwenye bobini.

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufungwa. Bibi alivaa kitambaa kipya kichwani, akaegemeza simu kwenye kopo, akachukua pini zake.

"Wewe nenda nyuma ya pazia ukapige pasi," aliniambia. "Na usijikohoze."

Chumba chetu kilikuwa kimoja, pazia likitenga sehemu ya kushonea na meza ya pasi. Nilisikia simu ikiita. Nilisikia kiti cha ng'ambo kikikwaruza sakafu.

"Yuko wapi yule dada?" Kidoti aliuliza.

"Hayupo," Bibi alijibu kwa Kiingereza, na kwa jinsi alivyoona yeye haukuwa uongo.

Mtoto akaanza. Alisema kuhusu jino linalotikisika, kuhusu rafiki aliyehama basi la shule, kuhusu mbwa wa jirani. Bibi aliitikia "mmh" kupitia pini, mara ya kupanda, mara ya kushuka, kila moja mahali pake. Kisha pakawa kimya, na nikadhani ameshuka kitini.

Alikuwa bado yupo. Aliyosema baada ya hapo aliyasema upesi, maneno yamemezana, sauti imeelekea chini kama mtu anayeongea na magoti yake. Alisema mwalimu wake amemwambia anaweza kulia wakati wowote. Alisema watu wakimwona wanalia, hata mama wa rafiki yake dukani. Lakini yeye hana machozi. Amejaribu bafuni, amefungua maji, hana. Je, ni vibaya?

Nilisimama, mkono juu ya pasi. Nilijua maneno ambayo Bibi hakuwahi kukutana nayo katika sentensi hizo, ningeweza kuyahesabu kwa vidole. Tafsiri yote ilikuwa imeshapanga foleni kwenye ulimi wangu. Hatua mbili tu ningelifikia pazia. Nilifikiria kioo kitaonyesha nini nikilifungua: dada, kwa mara nyingine, mahali pa mama.

Sikwenda.

 Ng'ambo, kiti kilikwaruza kidogo. Kisha nikasikia pini zikidondoka kwenye kisahani cha bati. Moja. Nyingine. Nyingine. Bibi hakuwahi kuzitoa moja moja, sikuzote alizitema kwa pamoja.

"Na mimi," alisema kwa Kiingereza. Akatafuta. "Na mimi sina."

"Wewe ni mama yake," Kidoti alisema.

"Ndiyo. Mama yake. Sina." Akatafuta tena. "Si vibaya. Si vibaya wewe. Si vibaya mimi."

Maneno hayakuwa katika mpangilio wa darasani. Nisingeyarekebisha kwa lolote.

"Sawa," mtoto alisema. Nilimsikia akivuta pumzi puani. Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unataka kuliona jino?"

"Nionyeshe."

Waliliangalia jino muda mrefu. Bibi alisema ni baya sana, Kidoti akacheka. Wakaagana, na mtoto akasema Jumamosi ijayo atamwonyesha pengo. Baba yake hakusema habari ya kupumzika.

Harufu ndiyo iliyonishtua. Niliinua pasi nikakuta kola ina alama ya kahawia yenye umbo la ncha ya pasi. Pazia likafunguliwa. Bibi aliangalia kola, akaniangalia mimi.

"Ulikuwa unasikiliza."

"Ndiyo, Bibi."

"Ya nani hiyo?"

"Ya yule mtoto wa mwalimu mkuu."

"Umepatia." Aliichukua, akaikwaruza kwa ukucha, ikakataa, akaitupa kwenye kikapu cha vitambaa vya kufutia mashine. Kola nyingine angeikata mwenyewe. Alifika kwenye cherehani, akageuka.

"Kuna neno moja niliacha lipite. Alisema alijaribu kulia wapi?"

"Bafuni. Alifungua maji."

"Bafuni," Bibi alirudia. Alikaa. Alichukua pini kutoka kwenye kisahani, akazipanga mdomoni, kisha akazitoa tena. "Mimi nilijaribu jikoni, na vitunguu."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi hata kujaribu sikujaribu. Alikuwa ameshatia kitambaa chini ya sindano.

"Jumamosi ijayo," alisema, "ikifika saa tisa uende sokoni. Hata kama hatuna haja ya kitu. Uende ukatembee."

"Haya, Bibi."

Alirudisha pini mdomoni na mguu kwenye pedali. Mimi nilichomoa pasi, nikaanza kukunja mashati yaliyobaki.