Picha Zilizosafishwa kwa Majani ya Mpera

Kiangazi cha mwaka wa hamsini na tatu, Bibiana wa Chilangala, mama yake Dominika, alikuwa akipanda mteremko kutoka bondeni, debe la maji kichwani, na mguuni kidonda kikubwa kama kiganja. Juu alimkuta Bwana Reginald, Mwingereza mpiga picha, ameisimamisha mashine yake kwa miguu mitatu, yote mizima. Pembeni mkalimani wake, Silvano, alikuwa amejifunika gazeti kichwani.

"Shikamoo, Mama Dominika. Bwana anataka kuupiga huo mguu."

"Marahaba. Mguu umemkosea nini?"

"Kuupiga picha, mama! Wakubwa wa Dar es Salaam wakiona mnavyoteseka, watawaletea maji ya bomba hadi huku juu."

Bibiana akasimama na debe lake kando ya shamba lililokauka. Akacheka.

"Bwana anasema usicheke."

"Mwambie kinachouma ni mguu. Meno hayana neno."

Bwana Reginald alikuwa na huruma ya kweli; alipiga picha huku akifuta macho. Kisha Silvano akaomba maji ya kusafishia picha. Bibiana alilitazama debe, asubuhi yake nzima imo humo. Lakini bomba ni bomba. Na kwa kuwa alielewa ni ya kusafishia kidonda cha kwenye picha, aliyachemsha na majani ya mpera na chumvi kidogo, kama ifanywavyo, akayapoza, akayapeleka kwenye hema la Bwana.

Picha zikasafishika. Ndani ya beseni kidonda kilinywea, kikafunga, kikaacha kovu, na kovu nalo likafutika. Shamba likaota majani. Mkorosho uliokuwa umekauka ukatoa maua. Bwana Reginald alizianika kambani, umande wa lile shamba ukidondoka, akamwachia Bibiana moja, akateremka Masasi na mizigo yake.

Mvua hazijaanza, Silvano akarudi peke yake.

"Wakubwa wamezitazama, Mama Dominika. Wanasema Chilangala mmestawi. Bomba halina kazi huku."

"Hukuwaambia habari za mguu?"

"Niliwaambia. Wakanionyesha mguu."

Bibiana akaingia ndani, akasimama mbele ya picha ukutani.

"Mwenzangu," akamwambia yule wa kwenye picha, "wewe umepona. Basi leo nenda wewe."

Yule alikuwa mtu wa adabu. Alijitwisha debe, akashuka ukutani, akapita chini ya mlango, akaufuata mteremko. Adhuhuri alirudi, hachechemei, hajamwaga hata tone. Debe lenyewe lilikuwa dogo kama ukucha.

"Pole na kazi," Bibiana alisema.

"Nishapoa. Ndiyo niliyoweza kubeba."

"Yametosha, dada. Pumzika."

Akayamimina juu ya kidonda. Yalilowesha ukingo wa upande mmoja. Kisha akachukua debe lake mwenyewe, akashuka bondeni akichechemea.