Kibandiko Namba Kumi na Nne

Kazini kwetu meneja tulimpa jina la Tusubiri, na hakuna aliyemwonea. Bomba likivuja, tusubiri. Kioo cha dirisha kikipasuka, tusubiri. Laptopu ishirini tunazoandikia hati za mizigo zilipoanza kukohoa, akasema tusubiri, kuna kizazi kipya kinakuja, chepesi, betri yake inakaa kutwa nzima. Kizazi hicho kilipofika akasema kuna kingine nyuma yake, bora zaidi. Mtu mwenye kiti cha kuzunguka ana muda wa kusubiri. Sisi wengine tunazikana.

Mimi ni mtunza stoo. Shule niliiacha darasa la tano, lakini rejista yangu njoo uikague saa yoyote. Kila mali ya kampuni ina kibandiko chenye namba, nakibandika mimi kwa mkono wangu, na sheria ya wakubwa haina mjadala: atakayebandua kibandiko amejifukuza kazi mwenyewe.

Laptopu namba kumi na nne ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa karani wa hati kwa miaka tisa. Akapata uvimbe tumboni, daktari akampangia tarehe ya kupasuliwa, tarehe ikapita hakwenda. Wiki sita baadaye nikamzika. Siku ya msiba Tusubiri alisimama mbele ya watu, miwani mkononi, akasema, "Marehemu hakuwahi kuomba ruhusa. Angeomba, ningempa siku hiyohiyo."

Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, akanigeukia. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Baba, kwa hiyo ni wewe uliyemzuia?"

Nikamwambia mama yake aliomba kwa barua pepe, aliniambia kwa kinywa chake.

"Iko wapi hiyo barua?"

Sikuwa nayo. Tangu siku hiyo, miezi kumi na moja, hajakanyaga kwangu. Nikimpigia hapokei. Baadaye huja ujumbe wa maneno mawili: Nipo salama. Hata benki huniandikia marefu kuliko hayo.

Sasa, Jumatatu ya wiki hiyo ninayoisimulia, fundi wa kompyuta alikuja stoo kuchukua waya. Tunamwita Chaji, kwa sababu haonekani bila nyaya shingoni. Katika kuzungumza akaropoka jambo. Barua za marehemu, alisema, kwenye mtambo mkuu zilishafutwa. Mtu akifa wanafuta. Lakini nakala hubaki ndani ya mashine aliyoitumia.

"Sehemu yake bado imo kwenye namba kumi na nne, Mzee. Ila imefungwa kwa paswedi yake."

Nikauweka chini waya niliokuwa nampa. "Ifungue."

"Bila karatasi ya meneja? Mzee wangu, mimi nina watoto wawili na mama mkwe."

Jumanne nikapanda ghorofani na mguu wangu mbovu, ngazi moja moja. Tusubiri hakuniambia hata nikae. "Pole sana, Mzee. Lakini humo mna siri za kampuni. Nikikufungulia wewe, kesho atakuja mwingine." Siri! Hati za magodoro na mabati. Siri iliyokuwemo ilikuwa yake, na alijua kwamba najua.

Alhamisi kikafanyika kikao, nami nikaitwa na rejista yangu. Kuna muuzaji ana laptopu mpya ishirini tayari. Tukikubali, anazileta kesho yake na kuondoka na za zamani jioni, na kabla hajazigusa lazima Chaji azifute zote, saa tisa kamili. Tusipokubali, tusubiri miezi sita kitoke kizazi kinachofuata. Hapo Tusubiri aling'aa macho kama bwana harusi. Kizazi hicho, alisema, kina akili mnemba ndani yake, kitakuwa kinaandika hati chenyewe.

"Na sisi tutakuwa tunafanya nini?" akauliza mtu wa nyuma.

"Tutasubiri," akajibu mwingine kwa chinichini, watu wakafunika midomo.

Tusubiri akanigeukia. "Mzee wa Stoo, wewe ndiye unayezijua hizi mashine. Zitatufikisha miezi sita? Ukisema zinafaa, tunasubiri. Ukisema hazifai, wanunue kesho. Nitaandika kwamba ni ushauri wako."

Bila shaka ungekuwa wangu. Wao hawana ushauri, wana kalamu tu ya kuandika nani alaumiwe.

Lakini sikilizeni nilivyobanwa. Miezi sita ilinitosha kabisa. Ndani ya miezi sita ningempata mtu wa kuifungua namba kumi na nne, ningemwekea binti yangu ile barua mezani. Neno moja tu, zinafaa, na barua inapona.

Mbele yangu alikaa yule dada aliyechukua kiti cha mke wangu. Mashine pia alirithi hiyohiyo. Ana mtoto wa miezi minne nyumbani, na saa kumi alitakiwa awe ameondoka, lakini namba kumi na nne ilikuwa inazungusha kile kiduara chake mpaka saa kumi na mbili. Wiki iliyotangulia nilimkuta amejisitiri kifua kwa kitambaa, blauzi imelowa maziwa, anaibembeleza mashine: "Hati moja tu mama, nikanyonyeshe." Mke wangu naye aliibembeleza hivyohivyo, mkono mmoja kwenye vibonye, mwingine tumboni.

"Mzee, tunakusubiri," Tusubiri akasema.

"Hazifai," nikasema. "Hazifai hata wiki moja."

"Una hakika?"

"Bosi, namba kumi na nne inachukua nusu saa kuamka. Hata mlevi anaiwahi."

Watu wakacheka. Tusubiri hakucheka, lakini aliandika. Nami nikatoka pale nikijua nimejikatia mwenyewe tawi nililokalia.

Ijumaa mchana laptopu kuukuu zote zikashushwa stoo, zikapangwa juu ya meza ndefu. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza moja moja, nisome kibandiko na kuweka tiki kwenye rejista. Saa nane kasorobo nikaigeuza namba kumi na nne, na mkono ukagoma.

Kibandiko kile nilikibandika mwaka juzi, tulipobadilisha namba. Siku ile nilikuta chini ya mashine pameandikwa kwa kalamu ya wino, maandishi ya mke wangu, nikamfokea: "Mama, paswedi ya kazi unaiandika mgongoni mwa mashine?" Akacheka. "Nani atasoma huko chini zaidi yako?" Nami, ili wakaguzi wasije wakamkamata, nikabandika kibandiko juu ya yale maandishi. Wiki nzima nilihangaika kutafuta ufunguo, kumbe mimi ndiye niliyeufukia.

Chaji alikuwa pembeni anafungua boksi za mashine mpya. Nikaingiza ukucha kwenye kona ya kibandiko nikavuta. Kikatoka na sauti kama kitambaa kinachochanika.

"Mzee," Chaji akasema polepole. "Umebandua."

"Nimebandua."

Akanitazama, akaitazama saa ya ukutani. "Mimi sijaona kitu. Nakwenda kula. Nikirudi saa tisa nafuta, na huna dakika ya nyongeza."

Wino ulikuwa umefifia lakini ulisomeka: Usinisumbue7. Huyo ndiye alikuwa mke wangu.

Nikaiwasha. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nikampigia binti yangu, hakupokea. Nikamwandikia kwa kidole kimoja: Barua ya mama yako ninayo. Inafutwa saa tisa. Njoo stoo. Kusema kweli sikuwa nayo bado, nilikuwa na kiduara tu. Saa nane na dakika tano kikawa kinazunguka. Na kumi. Hapo ndipo nilipoitukana ile mashine matusi ambayo siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Saa nane na dakika ishirini ikafunguka, paswedi ikakubali, na picha ya binti yetu akiwa na sare ya shule ikajaa kiooni.

Barua zilikuwa nyingi kama mchele. Nilizipekua kwa tarehe, midomo ikinichezacheza, mimi husoma hivyo. Nikaiona. Alikuwa anaomba wiki tatu, daktari ameshapanga siku, maumivu yamezidi. Chini yake jibu la Tusubiri, siku hiyohiyo kama alivyotangaza msibani, ila maneno mengine: "Pole. Tusubiri mashine mpya zije mwezi ujao, anayekushikia kazi asikwame. Kisha utakwenda."

Nilipiga meza kwa ngumi mpaka boksi moja likaanguka. Nimempata! Nikasogea chini kidogo, kuona kama kuna zaidi.

Kulikuwa na zaidi. Mke wangu alimjibu: "Sawa Bosi. Hata mume wangu jana alishauri hivyohivyo, anasema mwezi mmoja si mwingi."

Mnaweza kusema nilikuwa nimesahau. Sikusahau. Nililiweka mahali ambapo mtu hapitipiti. Tulikuwa jikoni, anamenya viazi, akaniuliza nionavyo. Mimi nilikuwa nimemsikia Tusubiri stoo akisema mashine zinakuja mwezi ujao, nikaipeleka habari nyumbani kifua mbele, kama vile mimi ndiye ninayezileta. Mwezi mmoja si mwingi, nikamwambia. Zikija, utamwachia mwenzako kazi nyepesi, hakuna atakayekununia. Maneno ya wakubwa nikayabeba mwenyewe mpaka jikoni kwangu.

Saa tisa kasoro dakika kumi nikasikia pikipiki nje. Binti yangu akasimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi. Amekonda.

"Shikamoo," akasema, kwa sauti ya kusalimia ofisini.

"Marahaba, mwanangu."

"Iko wapi?"

Barua mbili za juu zilikuwa wazi. Ya tatu ilikuwa chini ya ukingo wa kioo, haionekani mpaka uisogeze. Dakika kumi. Baada ya hapo hakuna mtu duniani ambaye angeiona tena. Akasoma ya kwanza, kiganja mdomoni. Akasoma ya pili. Akanigeukia na macho yamejaa, na uso wake ukaanza kufunguka, ule uso niliousubiri miezi kumi na moja.

"Baba, nili..."

"Usiseme bado," nikamkatiza. "Isogeze. Kuna nyingine."

Akaisogeza. Akasoma. Kisha akasoma tena. Nilisikia saa ya ukutani, na nyaya za Chaji zikigongana koridoni.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili," akasema.

"Tulikuwa wawili."

Akatoa simu yake akazipiga picha zile barua, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chaji akaingia, akatuona, akavua kofia.  Akachomeka kifaa chake kwenye namba kumi na nne, picha ya sare ya shule ikapotea, kioo kikawa cheusi.

Tusubiri naye akatokea, anakuja kuzishika mashine zake mpya. Jicho likatua kwenye kibandiko kilichokunjamana mezani. "Nani amebandua hiki?"

"Mimi."

"Unajua maana yake, Mzee?"

Kabla sijajibu, binti yangu akamwinulia simu usoni. Tusubiri akasoma jibu lake mwenyewe. Sikuwahi kumwona akivaa miwani haraka namna ile.  "Haya ni mambo ya... Tukae tuyazungumze. Jumatatu. Tusubiri hasira zishuke."

 Nikaweka tiki ya mwisho kwenye rejista, nikasaini, nikamwachia kalamu na funguo za stoo juu ya rejista hiyo.

Nje pikipiki ilikuwa bado inamngoja. Binti yangu alimrudishia dereva kofia yake, akamwambia aende. Kisha akaanza kutembea, hatua moja mbele yangu, bila kugeuka, lakini polepole, mwendo ambao mguu wangu mbovu unauweza.