Sketi ya Befana

Nives hakuwa na ugomvi wowote na Krismasi. Mkesha alipika mchuzi wa samaki wa aina kumi na tatu kama alivyofundishwa na mama yake, akapanga sanamu za pango la Noeli ndani ya mashua ndogo ambayo yeye na mumewe huvulia kome, Mtoto Yesu akiwa amelazwa juu ya wavu, kisha akaenda misa. Ugomvi ulianza tarehe mbili Januari, Gualtiero, mwenyekiti wa chama cha wavuvi, alipobandika tangazo kwenye mlango wa ukumbi: siku ya Epifania, tarehe sita, mwaka huu, Befana ataletwa na gari la zimamoto.

Gari la zimamoto! Tangu enzi za babu zao, yule bibi kizee wa hadithi anayewaletea watoto kapu la peremende amekuwa akifika bandari yao ya Porto Vallesca kwa bahari. Mvuvi mmoja huvaa sketi na shungi, akavuta makasia peke yake kutoka kwenye ukuta wa mawe unaokinga bandari mpaka ufukweni, akaruka majini akalowa, kisha akaikamua sketi juu ya omo, yaani sehemu ya mbele, ya kila mashua bandarini. Mashua isiyodondoshewa maji hayo haitoki mwaka mzima; hakuna baharia atakayeipanda hata umbembeleze vipi. Kwa miaka kumi na tisa Befana alikuwa Delio, mume wa Nives. Desemba hii Delio aliteleza akavunjika bega, na katika madume yote ya bandari hakupatikana hata mmoja wa kuingia maji ya Januari.

Nives aliingia ukumbini mchana, wanaume wakicheza karata.

"Mimi nitavuta," alisema.

Walicheka mpaka karata zikawaponyoka.

"Nives, dada yangu," Gualtiero alisema akipangusa macho, "Befana huchezwa na mwanamume."

"Befana ni mwanamke."

"Ni mwanamke, ndiyo, lakini huchezwa na mwanamume. Ndiyo mila."

"Na zimamoto nayo ni mila?" Nives aliwatazama mmoja mmoja. "Miaka thelathini nachimba kome na mume wangu baharini. Anayenizidi kwa makasia asimame."

Hakusimama mtu.

"Basi kaeni. Kukaa mnakuweza."

Nyumbani Delio alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukining'inia kwenye kitambaa. "Utakufa, we mwanamke."

"Nikifa utajipikia."

Delio aliguna. Asubuhi ya tarehe sita ndiye aliyemfunga shungi, kwa mkono mmoja na meno.

Bahari ilikuwa ya kijivu, upepo wa kaskazini unakata masikio. Nives hakuzitoa sanamu mashuani. Mamajusi walikuwa wamewasili hapo omoni jana yake, na kuwafukuza siku ya sikukuu yao asingeweza. Alivuta makasia mpaka ukuta wa mawe, akageuza, akaanza safari ya Befana. Hapo penye ukuta wimbi lilimrukia mashuani, akaogopa, akaogopa kweli. Kisha akawakumbuka wale wa karata, hasira ikampanda tena, naye akavuta kwa hasira hiyo mpaka mikono ikawaka moto.

Ufukweni hapakuwa na mtu. Gualtiero alikuwa amewaita wote gatini kwa kipaza sauti. Nives aliruka majini yakamfika kiunoni, akaivuta mashua mchangani, akabeba kapu, akatembea kwenda gatini huku meno yakigongana.

Huko watoto walikuwa wanatafuna peremende na kulisifu gari jekundu. Lakini manahodha walikuwa wamekunja mikono. Mbele yao alisimama Duilio, shemeji yake Gualtiero, amevaa sketi kavu kabisa, na Gualtiero alikuwa anammwagia ndoo.

"Maji ya bahari haya!" alipiga kelele. "Nimeyachota mwenyewe!"

"Befana wa kuogeshwa!" bibi mmoja alimzomea. "Mfute na pua, basi!"

Ndipo wakamwona Nives, anachuruzika, ameacha michirizi ya maji njia nzima. Nahodha mzee wa mashua ya kwanza alivua kofia.

"Anza na yangu, Befana."

Nives akakamua. Akaenda ya pili, ya tatu. Sketi ilipoanza kukauka alishuka ngazi za gati akaingia majini upya, bila kumwuliza mtu. Alishuka mara tatu. Mashua kumi zikapata maji yao, ikabaki moja, ile kubwa, ya Gualtiero. Mabaharia wake sita walisimama gatini wala hawakuikaribia.

Gualtiero alimsogelea, akanong'ona, "Dada Nives, nifanyie na mimi."

"Nikufanyie nini? Sema kwa hicho kipaza sauti chako."

Akakiinua taratibu. "Namwomba Befana..."

"Befana gani? Tuko wawili hapa."

Duilio, aliyelowa na kutetemeka, alijibanza nyuma ya gari.

"Namwomba Befana Nives," Gualtiero alisema, na sauti ikasikika mpaka kanisani. "Aliyekuja kwa bahari."

Nives alimtazama. Miguu hakuisikia tena, na moyo ulikuwa umemjaa furaha ya kukomoa, wala hakuificha. Alishuka ngazi mara ya nne, akazama mpaka kifuani, akapanda. Aliikamua sketi juu ya omo ya mashua kubwa mpaka tone la mwisho, polepole, na mabaharia sita wakapanda mmoja mmoja. Kisha akakinyakua kipaza sauti mkononi mwa Gualtiero.

"Mwakani pia ni mimi," alisema. "Anayepinga aje anizuie majini."