Meza Haikimbii

Kocha wa mpira wa meza ndiye aliyepigania kanuni ya pointi mpaka sauti ikamkauka. Enzi zile timu ya taifa ilichaguliwa kwa kujuana, na wapwa wa wakubwa walisafiri kwenda kupiga picha na kurudi na mabegi mapya. Kanuni yake ilikuwa rahisi: cheza mashindano upate pointi, usipocheza, zinakwisha. Hakuna cha shangazi wala mjomba.

Sasa mjomba alikuwa yeye.

Mpwa wake waliyemwita Paka, kwa jinsi alivyouvizia mpira, alimfunga binti anayeshika namba moja nchini kila walipokutana mazoezini, tena huku akicheka. Lakini msimu mzima hakuonekana mashindanoni. Mama yake, dada wa kocha, aliugua, na kocha mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Nenda kamuuguze mama. Meza haikimbii." Akaenda. Alimgeuza kitandani, akamlisha kwa kijiko, akamzika.

Kwenye kikao cha kuchagua timu wajumbe walimwonea kocha huruma. Mmoja alimwambia kwa upole kwamba kanuni hutungwa na watu, na msiba kila mtu anauelewa. Kocha alitamani kukubali. Roho ilimuuma kama jino bovu. Lakini kila mwenye mpwa pale mezani alikuwa anamtazama. Akasema sheria ni msumeno, akasoma majina, na la Paka halikuwamo.

Jioni Paka alimkuta ukumbini akikunja wavu.

"Mjomba, uliponituma nyumbani, ulijua pointi zangu zitaisha?"

Angeweza kudanganya. "Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utasita. Sikuwa na mtu mwingine wa kumuuguza dada yangu."

Paka akasema hata angejua angekwenda tu, yule alikuwa mama yake.

"Ila ungeniachia nichague mwenyewe, mjomba."

Mara binti wa namba moja akasimama mlangoni na raketi yake, amejaa aibu. Alitaka mtu wa kufanya naye mazoezi kabla ya safari. Kocha akafungua mdomo amwambie arudi kesho, lakini Paka alishauchukua wavu mikononi mwake na kuanza kuufunga mezani, akimwelekeza mwenzake ashike upande wa pili.

Kocha akatoka nje, akalia kama aliyefiwa siku ile ile.