Hita Iliyomgomea Marijani

Mdomo ndio uliomponza Marijani. Mkewe Mwanabaraka alipofikisha mimba ya miezi saba, mama mkwe alituma salamu kutoka Mbagala: mimba ya kwanza huzaliwa kwao, binti arudishwe. Na Marijani alikuwa amemngoja mtoto miaka sita, mpaka majirani wakachoka kuuliza. Amkose tena mwanawe siku arobaini? Thubutu! Akapanda basi mpaka Mbagala, akapiga magoti mbele ya Bi Mwanakombo, akaanza kumwaga maneno.

"Mama, ile nyumba niliyopewa na shirika kule Kinondoni ina hita ya gesi. Mzungu aliyekuwa akikaa mle kaiacha. Hakuna kuni, hakuna moshi. Unafungua bomba, maji ya moto hayo! Njoo wewe umkande mzazi pale pale. Kwangu ni kwako."

Bi Mwanakombo akatafuna tambuu yake bila haraka. "Haya, nitakuja. Ila siku nitakayokosa maji ya moto, mwanangu na mjukuu wangu nawabeba. Arobaini yao wataimalizia huku, na wewe utakuja kuwaona kama mgeni."

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, masika ya mwaka wa sabini na tatu. Alhamisi mama na mwana wakatoka hospitali, na Bi Mwanakombo akawa keshafika na mafurushi yake. Hakukaa kitako. Mzazi haogopewi kitu kama upepo; ukimwingia ule, mifupa itamuuma mpaka uzeeni. Basi bibi akazunguka nyumba nzima akiziba. Chini ya mlango akasokota gunia. Kwenye matundu ya hewa chumbani na bafuni akashindilia matambara. Marijani akaona, akasema, "Ahsante mama, hapo umefanya la maana." Jioni akamwona kwa mbali nyuma ya nyumba, kapanda juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono juu, anahangaika na ukuta. Mtu hamkodolei macho mkwewe aliyepanda juu ya kitu. Marijani akageuza uso, akaenda zake upande wa pili, akajisifu moyoni kwa adabu aliyofunzwa kwao.

Ijumaa asubuhi akaingia bafuni kwa madaha, kiberiti mkononi, bibi kasimama mlangoni na ndoo. Akafungua gesi, akabonyeza kitufe, akawasha. Kimoto kidogo kile cha kuwashia kikatokea, kikawa cha manjano, kikatetemeka, kikafa. Akawasha tena. Kikafa. Akautikisa mtungi, umejaa. Akaipiga hita kofi. Akasoma bismillahi, akawasha mara ya tatu, na mara ya tisa. Kila mara kile kimoto kilimchungulia tu, kikaenda zake.

"Baba," akasema Bi Mwanakombo kwa sauti ya upole, na upole huo ndio uliomtia Marijani baridi. "Hii ndiyo ile ya kufungua bomba?"

"Jana ilikuwa inawaka, mama. Wallahi, jana mie mwenyewe nimeiogea!"

"Jana si leo. Mwanangu ana siku ya tatu, tumbo halijaguswa na maji."

"Nikatafute mkaa, mama?"

"Mkaa ninao gunia zima Mbagala. Sikuja kukanda kwa mkaa wa kutafutwa. Nakupa mpaka adhana ya adhuhuri. Ikinikuta hapa bila maji, utatuitia teksi."

Akaingia chumbani, akaanza kufunga. Marijani, akiwa ukumbini, akalisikia furushi likikazwa fundo. Mwanabaraka akaita kutoka kitandani, "Mume wangu, mie sitaki kwenda, lakini unamjua mama!" Marijani alimjua. Akatamani kulia, mtu mzima na sharubu zake.

Akatoka mbio mpaka mtaa wa tatu kwa Kasiani, mtu wa Masasi, fundi wa mitambo ya gesi katika hoteli moja ya mjini. Bahati nzuri ilikuwa zamu yake ya kupumzika. Kasiani hakuwa mtu wa maneno. Akaja, akawasha kiberiti, akakiangalia kile kimoto kikifa, akanusa. Kisha akakisogeza kiberiti kingine kando ya hita, chini ya dohani, pale moshi unapopandia; mwali wake haukuvutwa juu.

"Haivuti," akasema. "Hii haina pa kupumulia. Dohani inatokea wapi?"

Wakazunguka nyuma. Dohani ilitokeza ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mtu, na mdomo wake ulikuwa umejaa nguo. Kasiani akavuta. Ikatoka kanga nzima, nyekundu, imeingia masizi, na maandishi yake bado yanasomeka: *Mgeni njoo mwenyeji apone*.

Marijani akaijua papo hapo. Pacha yake ndiyo aliyoiona asubuhi imelala juu ya mafurushi, ikingoja kufungiwa mzigo.

"Kuna mtu alikuwa anaziba upepo," akasema polepole.

Kasiani akaikunja ile kanga. "Ndugu Marijani, shukuru Mungu moto umekataa. Ungekubali, huku dohani imezibwa na matundu yameshindiliwa, hewa mbaya ingejaa mle bafuni. Haina harufu. Mtu analegea, anasinzia, haamki. Hao wanawake wangeingia na mtoto, wakafunga mlango…"

Marijani akakaa chini kwenye matope.

"Nitasema kilikuwa kipuri kibovu," akanong'ona Kasiani. "Mkwe ni mkwe. Utamwambia nini?"

Lo, jinsi alivyoitamani ile njia! Kipuri kibovu, heshima imesitirika, kila mtu kacheka. Lakini kesho upepo utavuma, na bibi atapanda tena juu ya mbuzi. Zilibaki siku thelathini na saba. Marijani akaichukua ile kanga, akaenda akachuchumaa nje ya pazia la chumba.

"Mama, nisamehe. Nina neno zito, na sina ujanja wa kulizunguka."

Akalisema lote, macho chini, mpaka lile la kusinzia bila kuamka. Pazia likafunguka, Bi Mwanakombo akatoka, akaitwaa kanga, akaigeuza upande huu na huu.

"Ningemuua mwanangu," akasema. "Kwa mikono yangu hii, Marijani. Na mjukuu." Akalia waziwazi, naye Marijani akalia, na mtoto chumbani akadakia kana kwamba msiba umeshaingia. Mwanabaraka akapiga kelele, "Jamani, si tuko hai! Mnamlilia nani?"

Bibi akapenga kamasi, mara hasira ikampanda. "Na wewe! Jana ulipita pale nyuma. Nilikuona, nikasema mkwe wangu ameona, lingekuwa baya angenikataza. Mbona hukusema?"

"Niliona haya, mama. Ulikuwa umepanda juu."

"Haya! Haya zako zingetuzika watatu!"

Kasiani akawa ameshayatoa matambara yote bafuni. Akawasha. Safari hii kimoto kikasimama, cha buluu, na Marijani alipofungua bomba hita ikaunguruma, mvuke ukapanda hadi darini. "Alhamdulillahi!" akasema. Bi Mwanakombo alisimama akiutazama mvuke muda mrefu. Halafu akarudi chumbani, akalifungua lile fundo, akatoa dawa zake na mafuta ya nazi, mafurushi akayasukuma chini ya kitanda.

Adhana ya adhuhuri ilimkuta Marijani ukumbini, kanzu mwilini, anasikiliza maji yakimwagika na mkewe akilalama, "Mama, yanaunguza!" Hakuna sauti iliyowahi kumpendeza vile. Alipofika mlangoni kwenda msikitini, bibi akamwita kutoka bafuni.

"Marijani!"

"Labeka, mama."

"Tangu leo, ukiniona nimepanda juu ya mbuzi, nitazame!"