Jogoo wa Kiti cha Bwana Harusi

Mimi sikwenda kwa Kondo Maftaha kwa wema. Nilikwenda kudai jogoo.

Nilishuka kwenye lori pale njia panda ya Mingoyo, natoka Nachingwea, ambako Waingereza walitung'olesha visiki ili walime karanga, kisha karanga zenyewe zikakataa kuota walivyotaka. Mwaka ulikuwa 1956. Nilikuwa na miaka sitini na kitu, ndevu nyeupe, mfuko mmoja wa turubai, na viatu viwili visivyofanana. Nikajisemea, Severini, toka hapa mpaka shamba la minazi la akina Maftaha ni mwendo wa saa moja tu, na yule bwana hajakupa jogoo wako tangu mwaka 1929. Nenda.

Nieleze kidogo habari ya jogoo. Ukoo wetu wa vilimani, Umatumbi, na ukoo wao wa pwani ni watani tangu mababu walipopigana mpaka wakachoka. Wao Waislamu, sisi tumebatizwa; utani hauangalii hayo. Mtani wako akifiwa, unaingia kaburini na kulala humo, unakataa kutoka. Akioa, unamkalia kiti chake, na huondoki mpaka akukomboe kwa kitu. Kukasirika hakuruhusiwi. Akikasirika unaongeza dai.

Basi siku ya harusi ya Kondo nilimvua joho na kilemba, nikavaa mimi, nikakaa katikati ya baraza ya baba yake kwenye kiti cha mninga chenye mikono. Fimbo yake nikailaza magotini. Nikadai jogoo. Kondo akakimbilia nyuma ya nyumba kumkamata.

Hapo ndipo mpiga picha wa Lindi alipokosea. Alikuwa amebakiwa na kioo kimoja tu cha kupigia picha, vingine vilivunjika njiani. Akawapanga watu wa ukoo kwenye ngazi, wanaume mbele, wanawake nyuma wamejitanda. Akaniona mimi na joho langu la wizi, akajifunika kitambaa chake cheusi. Nami nikafunga mdomo, nikakaza macho kama kadhi anayesikiliza kesi ya talaka. Akapiga. Mzee Maftaha alipotoka ndani akakuta mambo yamekwisha, akanitoa pale kwa bakora. Nilikimbia na njaa yangu. Jogoo sikumpata, na picha sikuiona.

Sasa nafika kwenye ile nyumba, ngazi zake sita zilezile, namkuta kijana wa miaka kama ishirini na mitano amekaa barazani. Kofia kaiinamisha kushoto, fimbo kailaza magotini, mdomo kaufunga. Nikadhani jino linamuuma.

"Shikamoo, mzee," akasema, bila kufungua mdomo sana.

"Marahaba. Namtafuta Kondo."

Akaniangalia. "Kondo alikuwa baba yangu. Alifariki mwaka 1933. Mimi Tawakali. Karibu ukae."

Akanipisha kwenye kile kiti cha mninga. Nikakaa. Njia nzima nilikuwa natunga matusi ya kumtania Kondo, na sasa sikuwa na wa kumpa.

Tawakali alikuwa mwema. Akaniletea dafu, akaniambia ataoa Ijumaa ijayo, na kesho anakwenda Lindi kwa fundi wa picha. Anayo picha moja tu ya baba yake, anataka uso ukuzwe, utundikwe juu ya mlango siku ya harusi.

"Baba alipokufa nilikuwa na miaka miwili," akasema. "Sura yake nimeijulia hapa tu."

Akaingia ndani, akarudi nayo imefungwa kwenye leso. Akafungua, akaweka kidole katikati.

"Huyu ndiye baba."

Kidole kilikuwa juu yangu.

"Tazama macho," akaendelea. "Mwalimu wetu wa chuoni amesema huu ni uso wa mtu asiyekosa sala ya usiku."

Mimi, Severini, niliyefukuzwa na mapadre kwa kula ndizi za misheni, nikasoma madrasa miezi mitatu kwa ajili ya futari!

"Na alikuwa hacheki ovyo," akasema. "Nami najitahidi."

"Naona," nikamjibu. "Na huyu wa pembeni?"

"Huyo? Mpishi huyo." Hapo nusura acheke, akajizuia. "Kila ukoo una mtu wa kuharibu picha. Mtazame, kinywa wazi, kuku kichwa chini! Nitamwambia fundi amkate."

Nitasema kweli: nilitamani nisiseme. Sijawahi kuwa na ukuta wangu, sembuse kutundikwa kwenye ukuta wa mtu nikaitwa baba. Nikaitazama picha tena. Kwa haki, nilikuwa nimependeza. Nikakohoa.

"Nani huyo anakohoa kama mbuzi wa Umatumbi?" ikauliza sauti mlangoni.

Akatoka Mwahija, mjane wa Kondo, anapapasa ukuta, ukili wa mkeka umemning'inia mkononi. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu.

"Mtani wako, mama," nikasema. "Nimefuata jogoo."

"Severini! Hujafa tu?"

"Nilikwenda, nikaambiwa pamejaa watu wa Mingoyo."

"Muongo. Walikunusa toka mlangoni wakafunga." Akakaa kwenye jamvi, anacheka. Kisha akaacha. "Lakini jogoo gani tena? Si Kondo alikukomboa? Mwanangu ameniambia, kwenye picha baba yake amekaa kitini."

Hapo nikaelewa yote. Siku ya harusi yeye alikuwa ndani na mashangazi, kama bibi harusi yeyote. Picha ilipoletwa, mzee Maftaha aliifungia sandukuni kwa hasira. Kondo alipokufa, Mwahija alimchukua mtoto kwao Rutamba, na aliporudi miaka minne iliyopita, baada ya mzee kufa, macho yalikuwa yameshaziba. Aliyefungua sanduku ni kijana, na kijana aliona mwenye joho amekaa kitini. Nani mwingine angekuwa?

"Amekaa, mama," akasema Tawakali. "Amevaa joho na kilemba."

Mwahija akanigeuzia uso. "Severini. Siku ile ulivaa nini?"

"Joho."

"La nani?"

"La mumeo."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Nikadhani atalia. Akacheka mpaka leso ikamwanguka kichwani.

Tawakali hakucheka. Alisimama, fimbo ikaanguka. "Mama, unacheka? Miaka minne namsalimia huyu kila asubuhi!"

"Na yeye hajakuitikia hata siku moja. Ungeshuku."

"Basi baba hayumo?" Sauti ilimshuka, ikawa ya mtoto. "Sina sura yake kabisa? Ijumaa namtundika nani?"

Hapo utani ulinikauka. Nikaichukua picha, nikamwekea kidole pembeni, penye kuku.

"Mpishi?" akasema.

"Kupika gani?" akadakia Mwahija. "Kondo hata maji yalikuwa yakimwungulia. Yumo? Niambie alivyo, mwanangu. Picha hiyo sijawahi kuambiwa ila kiti."

Tawakali akaipeleka kwenye mwanga.

"Ametoka mbio," akasema polepole. "Mguu mmoja uko kwenye ngazi. Kanzu ameipandisha kiunoni. Jogoo amemshika miguu. Mdomo wazi, kama anapiga kelele." Akaisogeza karibu na macho. "Mama, ana mwanya."

"Mkubwa?"

"Mkubwa."

"Kama wako. Wako ulikuwa ukiuonyesha kila mtu, mpaka ulipoipata hiyo picha, ukafunga mdomo. Mimi nikadhani una huzuni usiyotaka kuniambia."

"Alikuwa anasema nini?" Tawakali akaniuliza.

"Alikuwa anasema, 'Ngoja, fundi, ngoja! Bwana harusi ni mimi!'"

Kijana akaiweka picha kwenye mapaja ya mama yake, akashuka barazani, akazunguka nyuma ya nyumba. Nikawaza, nimemvunjia mtu harusi yake, heri ningepitiliza Lindi. Kisha tukasikia kuku wanapiga mayowe, ndoo imeanguka, mtu anatukana.

Akatokea mbio. Kanzu juu, vumbi mpaka kichwani, jogoo mwekundu ananing'inia. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Mzee Severini! Ondoka kwenye kiti cha baba!"

Nikajiegemeza vizuri. "Huyu mwembamba. Mwaka 1929 nilidai mnene."

"Ondoka, mtani, kabla sijaifuata bakora ya babu! Na kesho tunakwenda wote Lindi, ukamwambie fundi mwenyewe ni nani wa kukatwa. Ni wewe wa kukatwa! Kuku wa baba asimguse!"

Akacheka. Mwanya wote nje.

Mwahija aliuweka ukili chini. "Severini," akaniita taratibu, "amesimamaje?"

Nikamwambia. Mguu mmoja kwenye ngazi, jogoo kichwa chini, mdomo wazi.

Vidole vyake vikapapasa picha, pembeni.

"Basi usiinuke kwanza," akasema. "Abaki hivyohivyo."

Nikakaa, mpaka jogoo mwenyewe alipochoka kupiga kelele. Ndipo nikampisha Tawakali kitini.