Vitanda Kumi na Vinne, Paa Moja

Zadock Masese alipoinunua nyumba ya mzungu nje kidogo ya Kehancha, wenyeji wake walikuwa mbuzi. Miaka ishirini walikuwa wamelala na kuzaa sebuleni, na hakuna mtu aliyewahi kupaita mahali pale urithi. Masese alishuka garini akitoka Nairobi, akaupapasa ukuta wa mawe, machozi yakamlengalenga. "Hii ni historia," akasema. Bhoke, aliyekuwa kando na ufagio wake, alitazama palepale alipotazama tajiri. Aliona mavi ya mbuzi.

Mwaka na nusu baadaye nyumba ilimeremeta kwa chokaa. Ilikuwa na vitanda kumi na vinne, na bafu lililowekwa katikati ya chumba cha kulala kana kwamba ukuta umeibiwa. Jembe zima kabisa lilitundikwa sebuleni kama pambo, na Bhoke alikuwa na shamba la kulilimia. Ile stoo yenye dirisha dogo la vyuma, ambamo mzungu aliwafungia watu waliokosa kodi ya kichwa, babu yake Masese akiwa mmoja wao, iligeuzwa chumba cha kukandwa mgongo. Ilitiwa mishumaa yenye harufu ya waridi. Babu alitoka mle akichechemea. Mjukuu anataka watu walipe ili waingie.

Nyumba ndogo tatu za kando Masese alizibomoa kwa sababu ziliharibu picha, akachimba bwawa la kuogelea. Ilibaki moja nyuma ya jiko, ya udongo na mabati, aliyoijenga marehemu Nchagwa, mume wa Bhoke, alipokuwa mlinzi wa mwenye nyumba wa zamani. Humo Bhoke alizalia watoto wanne. Karatasi ya kuonyesha kwamba ni yake hakuwa nayo. Sasa alikuwa mpishi na mfagiaji wa Masese, na alikuwa ameshaambiwa kwamba tingatinga litakuja Jumatatu.

"Mama, usijisikie vibaya," Masese alimwambia. "Wageni wakipiga picha kwa bwawa, hiyo nyumba yako inaingia ndani. Hii biashara ni ya watu wa juu."

Bhoke hakujisikia vibaya. Alikasirika, lakini alikuwa na chapati za watu kumi na wanne za kukanda, akakanda.

Hao kumi na wanne walifika Ijumaa saa kumi, kundi la kwanza kabisa. Aliyekodi alikuwa Mokaya, mfanyabiashara wa Migori mjini aliyeoa Homa Bay. Alitaka watu wa kwao na watu wa mkewe Linet wazoeane. Masese aliwapokea kwa kofia ya kiwindaji, akawatembeza chumba kwa chumba akihubiri habari za mawe.

"Familia nzima chini ya paa moja!" akamaliza, mikono ameipanua.

Mama Phelesia, mamake Linet, ndio kwanza anafika mlangoni na begi lake. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia. Akaurudisha nje.

"Mokaya analala hapa?"

"Chumba cha pili, mama. Kile cha bafu," Masese akajibu kwa fahari.

"Na mimi?"

"Cha tatu. Usiogope, ukuta ni mnene."

"Mimi siwezi lala kwa nyumba ya mkwe wangu."

Mokaya akaja mbio, akasimama mbali kwa heshima, macho chini. "Mama, nyumba si yangu. Nimekodi tu."

"Umelipa?"

"Nimelipa."

"Mpaka lini?"

"Jumapili."

"Basi mpaka Jumapili ni yako." Mama Phelesia akaketi juu ya begi lake. "Mnataka nivunje mwiko, laana ya chira imalize watoto wangu, juu ya kuogelea?"

Hapo mzee Omanga, babake Mokaya, naye akakumbuka kwamba bafu lisilo na ukuta limo katika chumba cha mkaza mwanawe. Alirudi garini akafunga mlango.

Bhoke, na sinia lake la sharubati, aliuma midomo asicheke. Kutoka Kegonga mpaka Mbita, mtoto wa darasa la pili anajua kwa nini boma huwa na nyumba nyingi. Masese, aliyezaliwa kilomita sita kutoka pale, alijua mwaka ambao kila jiwe lilichongwa, na hilo hakulijua.

"Tunaweza weka hema," Masese akabembeleza.

"Hema? Mimi ni mkimbizi?"

Linet alikuwa ameanza kulia, na Mokaya anawaita watu warudi magarini. Ndipo Mama Phelesia alipoona moshi nyuma ya jiko. "Na hiyo ni ya nani?"

"Hiyo ni stoo," Masese akasema haraka.

"Ni yangu," Bhoke akasema. "Na iko na paa yake."

"Nyamera, dada yangu, si unipe kona?"

"Kitanda kiko."

Mama Phelesia alilala humo siku mbili, akala ugali wa wimbi, akaondoka Jumapili akiwaambia watu wote kwamba pale ndipo penye nyumba ya maana. Mzee Omanga, aliyelala garini siku zote mbili, aliondoka ameshika kiuno. Kufikia jioni makundi mawili yalikuwa yamempigia Masese simu, na yote yaliuliza kama ile nyumba ndogo ipo.

Jumatatu tingatinga lilifika, Masese akalirudisha. Bhoke alifurahi hata akampa dereva chai. Kisha Masese akaingia kwake, akakalia kigoda chake.

"Mama, umeniokoa. Hatubomoi. Hii sasa ni nyumba ya wakwe. Tunapiga rangi, na tunaandika mlangoni, Kwa Bhoke."

"Na Bhoke atalala wapi?"

Masese akacheka. "Si wewe ni mtu wa hapa? Mtu wa hapa hawezi kosa mahali. Wageni wanafika Ijumaa. Alhamisi toa vitu."

Jumatano fundi akaja, akaandika jina. Alhamisi Bhoke hakutoa hata kijiko.

Ijumaa saa kumi alijifungia ndani, akapiga komeo, akaketi kitandani na chupa yake ya chai. Alisikia magari. Alisikia mahubiri ya mawe. Kisha sauti ya mama fulani ikauliza habari za paa. Viatu vikaja mbio juu ya kokoto, mlango ukatikiswa.

"Mama! Fungua! Mama mkwe wa watu yuko kwa jua!"

"Imekodiwa."

"Na nani?"

"Na Bhoke. Jina si liko mlangoni?"

Mlango ukaacha kutikiswa. Kisha Masese, ambaye tangu anunue pale alikuwa akiingia mle bila hata kukohoa, akagonga mlango polepole.

"Hodi, mama."

Bhoke akajimiminia chai, akaongeza sukari, akamwacha agonge.